Siku Nilipomwona Baba Akitafuna

Enzi zetu sisi wasichana wa Sepuka, mtoto wa kike hakujua hata baba yake anatafunaje. Baba yangu, Mzee Ntandu, alikula uani na kaka zangu, Yohana na Petro. Sisi tulikuwa jikoni na mama, tunagombania ukoko wa ugali wa uwele, mlenda unavutika mpaka kidevuni, moshi machoni na vicheko tele.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, hata kijiji cha ujamaa hatujahamia, baba aliponichukua kwenda Singida mjini kuuza kuku. Tulipanda lori alfajiri, kuku miguuni, matumbo matupu. Kuku walipokwisha, akaniingiza hotelini kwa Bi Mwanaidi, mama mmoja aliyetoka Pangani. Jamani, harufu ile! Bizari, vitunguu, mafuta yanachemka. Mate yakanijaa.

Bi Mwanaidi akaleta sahani ya vitu vya pembe tatu, rangi ya udongo wa kwetu. Sijaviona maishani. Njaa inaniuma, lakini meza ni moja. Nile mbele ya baba? Nikautazama mlango wa jikoni, nikainuka taratibu.

"We Maria, unakwenda wapi?"

"Jikoni, baba."

"Kufanya nini? Mama yako yuko huko?"

Bi Mwanaidi akacheka mpaka kanga ikamponyoka begani. "Mzee, mtoto anakuogopa huyu! Anza wewe, aone sambusa haziumi."

Baba akachukua moja, akaitia yote mdomoni. Kumbe ndani mna nyama ya moto! Macho yakamtoka, hu, hu, hu, machozi yakamshuka, yeye ambaye akikohoa tu nyumba nzima inanyamaza. Halafu akacheka. Ndipo nilipojua baba yangu ana pengo. Akaikata ya pili, akaipuliza, akanipa nusu.

"Kula, mwanangu. Leo jikoni ni hapa."

Basi nikala. Nikala sambusa, yeye anatafuna, mimi natafuna, tunatazamana kama wezi wa mahindi. Tuliporudi nyumbani, yeye uani, mimi jikoni, kama kawaida. Ila tangu siku ile akikohoa, wenzangu wananyamaza, mimi nalikumbuka lile pengo, nacheka kimoyomoyo.

Juzi mjukuu wangu Neema kanipeleka hoteli moja Dar es Salaam, chakula cha Watibeti, watu wa milima ya mbali huko Asia. Tukaletewa sambusa zilizochemshwa, eti zinaitwa momo. Siku hizi hakuna anayekatazwa kukaa meza moja na mkubwa wake. Lakini Neema kainamia simu, chakula anakipiga picha kama bwana harusi, na mimi nimekaa peke yangu pale pale mbele yake.

Nikatia moja mdomoni, nzima. Kumbe ndani mna mchuzi wa moto! Hu, hu, hu!

"Bibi! Vipi tena?" Simu akaiweka chini.

Nikacheka, mapengo yote nje, naye akacheka. Nikaikata ya pili, nikaipuliza, nikampa nusu.