Saa Iliyomwasha Kingori

Kingori wa Giakanja alikuwa masikio ya chifu. Ukipika muratina, chifu alijua kabla pombe haijaiva. Mwaka wa sabini na mbili chifu akamzawadia saa ya mkono, na ngozi chini yake ikavimba, ikawasha vibaya.

Daktari akamweleza kwamba ndani ya ngozi kuna seli za ulinzi zenye mikono kama matawi. Zilinasa chembe za madini ya saa, zikakimbia kushtaki kwenye tezi za kwapani, na jeshi likatumwa. Saa yenyewe haikuwa na ubaya.

"Ati zinashtaki kitu haina makosa?" Kingori akafoka. "Hiyo ni ujinga."

Mkewe Ngendo alikuwa ameketi kando. "Baba Watiri," akasema, "si hiyo saa ulipewa uliposhtaki uji ya mama yangu ati ni pombe?"