Kitambaa Cheupe Kwenye Mtutu

Nilikuwa nashona sketi ya shule kwenye kibanda changu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, simu ilipolia, na mtu nisiyemjua akaniambia kwa Kichewa cha harakaharaka kwamba mdogo wangu amekamatwa mtaa wa Area 49, Lilongwe, na bunduki. Nilicheka. Mdogo wangu huyo hata kuku hawezi kumchinja. Kuku wa Krismasi namchinja mimi kila mwaka, yeye anatokomea kwa majirani na harudi mpaka asikie harufu ya sufuria. Mtu wa kwenye simu hakucheka, akakata.

Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi huko Lilongwe, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka la jumla Old Town. Alipika, alifagia ua, na mchana, wenye nyumba wakiwa dukani, alimwangalia binti yao mdogo ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Jumapili alirudi kambini kuimba kwaya. Bosi wake alikuwa na bunduki, na alikuwa nayo kihalali. Wezi waliwahi kuivunja nyumba ile wakamfunga mama yake kamba mikononi, bibi mzima wa watu. Baada ya hapo akaomba leseni. Polisi walimhoji, wakaja kuliona sanduku la chuma la kuifungia, wakaridhika, wakampa. Sina neno na hilo. Ningekuwa na mama wa kulinda na mlango wa maana wa kufunga, labda na mimi ningeomba.

Lakini sanduku lile lilitazamwa siku ile moja tu. Hakuna aliyerudi tena kuuliza kama linatumika au linawekewa vyombo juu.

Kwenye kituo cha polisi waliniruhusu kuongea naye kupitia nondo. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja.

"Yaya, nilimukuta mutoto nayo ku baraza," aliniambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Alikuwa anachungulia mu tundu na jicho moja. Mi nilikuwa naosha masahani."

Usiku uliotangulia mbwa walibweka, bosi akaitoa bunduki, asubuhi akaiegemeza nyuma ya mlango wa jikoni na kukimbilia dukani. Mdogo wangu aliitoa mikononi mwa mtoto taratibu, huku akimwimbia ili asishtuke. Akampigia bosi simu, haikupokelewa, maana ilikuwa siku ya wateja wengi. Akamkabidhi mtoto kwa jirani. Kisha akarudi, akafanya kile ambacho mwanamume yeyote wa kwetu angekifanya.

Kwetu, upande wa Fizi tulikokimbia vita, mtu anayetaka kuachana na bunduki haifichi. Anatoa risasi, anafunga kitambaa cheupe kwenye mtutu, anaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili na kutembea katikati ya barabara mchana kweupe, polepole, kila mtu amwone, mpaka afike kwa wakubwa. Ukiifunga ndani ya gunia ukapita nayo vichochoroni, hapo ndipo unapigwa risasi. Mdogo wangu alichukuliwa na watu wa porini angali mtoto, na hivyo ndivyo alivyorudi kwetu. Mimi na mama tulikuwa tumesimama kando ya barabara. Tulimwona anakuja, mikono juu, amekonda, midomo imepasuka kwa kiu, na mama akaanza kuimba kabla hajamfikia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Siku hiyo ndiyo ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu.

Area 49 hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walipiga kelele "Mfuti! Mfuti!" yaani bunduki, wakawavuta watoto ndani ya mageti, na mwendesha kabaza mmoja akaitupa baiskeli yake mtaroni na abiria wake juu. Polisi walimlaza kifudifudi kwenye lami. Kitambaa walikiona, wakadhani ni alama ya kundi la majambazi.

Nilimkasirikia, jamani. Nilimwambia mbele ya askari kwamba hana akili, kwamba hapa si Fizi, kwamba angeiweka juu ya kabati, akae kimya, amngoje bosi wake.

"Na mutoto apande ku kiti, aishike tena?" akaniuliza. "Yaya, mi siwezi kubaki na ile kitu mu nyumba. Nilibeba juu, batu bote baone. Njo vile banarudishaka."

Ndipo nilipoiona fulana yake ya ndani. Ukingo wa chini ulikuwa umechanwa wote, umenyooka kama uliopimwa. Niliishona mimi fulana ile, kutokana na shuka jeupe kuukuu la mama. Nililia palepale kama mtoto, sikujali nani ananitazama.

Bosi alipoulizwa alisema bunduki ilikuwa ndani ya sanduku, na kwamba kijana lazima aliiba funguo. Basi, wizi, na kukutwa na bunduki bila leseni, tena mkimbizi. Nilifunga kibanda, nikapanda minibasi hadi Old Town, nikasimama dukani kwake kati ya magunia ya sukari na mabeseni mpaka akakosa pa kunikwepea. Alijua Kiswahili, kile cha kununulia mali Dar es Salaam.

"Mama, pole sana," alisema. "Ni kijana mzuri. Lakini nikisema haikufungwa, leseni inakwenda."

"Bwana, sikuombi uiache bunduki yako. Ni haki yako. Nakuomba useme ilikuwa wapi asubuhi ile."

"Na wale wezi wakirudi? Watoto wangu atawalinda nani?"

"Mdogo wangu aliwalinda," nilisema.

Alinitazama. Naapa aliona aibu, mtu huwa nayo usoni kabla hajaificha. Kisha akamuuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka nini.

Siku hizo redio ilikuwa ikizungumzia sheria ya bunduki asubuhi mpaka jioni. Mmoja anasema zinyang'anywe zote, mwingine anasema mtu akiwa na leseni aachwe apumue. Nilisikiliza huku nikikanyaga cherehani, nikiwajibu kwa sauti mpaka wateja wakaniona nimechanganyikiwa. Waachieni bunduki zao! Lakini mrudi mkagonge mlango, mseme tunaomba kuliona sanduku, na kesho kutwa mgonge tena! Na mtu akisahau kulifunga, mwekeeni adhabu anayoweza kuikubali kwa mdomo wake, si ya kumfanya amtupe mtu mwingine ndani ili yeye apone. Nilitaka kupiga simu redioni. Nani atamsikiliza fundi wa Dzaleka?

Mahakamani jirani alisema ukweli wake, kwamba kijana alimletea mtoto, akaondoka kwa haraka. Hakimu akauona huo kuwa ujanja wa mwizi, anamtoa mtoto njiani kwanza. Mdogo wangu aliulizwa kwa nini aliinua bunduki juu. Alieleza, mkalimani akatafsiri, na mimi nilizijua lugha zote mbili, nikaona maneno yake yanavyofika yakiwa hayana uzito wowote. Bosi alisimama akaulizwa kuhusu sanduku. Aliangalia viatu vyake. "Bunduki yangu hufungwa siku zote," alisema kwa Kichewa. Hapo nilijua tumekwisha.

Hukumu iliposomwa, wanawake wa kanisa walinitoa nje kwa kunishika kwapani. Miaka aliyopewa siitamki hata leo.

Mara ya mwisho nilipokwenda gerezani nilimpelekea nsima, ugali wa huku, na samaki wadogo wa kukaanga. Alinawa, akamega, akaniuliza kwanza anachoniuliza kila mara.

"Mutoto iko muzima?"

"Iko muzima. Nilimuona ku geti yabo, anavaa uniforme ya masomo."

Akatabasamu, jino moja halipo. "Na bunduki?"

"Balimurudishia. Iko na leseni."

"Njo vizuri. Ni yake." Alimega tena, lakini hakuutia mkono mdomoni. "Sasa anaifungaka?"

Pale getini nilikuwa nimefukuzwa na mlinzi mpya. Ndani sikuingia, sanduku sikuliona. Polisi, wenye kazi ya kuingia na kuona, hawajaenda, jirani ndiye aliyeniambia. Mdogo wangu alikuwa ananingoja, tonge la nsima linapoa kwenye vidole vyake.

"Anaifungaka siku zote," nikamwambia, maneno yale yale ya bosi wake, na mdogo wangu akamshukuru Mungu, akala.