Nilivyompofusha Mke Wangu kwa Ua wa Mnyaa

Aliyempofusha mke wangu ni mimi. Hapa Kisarawe watu wanajua vingine, na hayo wanayoyajua niliwaambia mimi mwenyewe.

Miaka mingi nilifanya kazi ya bustani katika milima ya Usambara, kwa Mzungu mmoja aliyejenga juu kabisa, penye ukungu na baridi ya kutetemesha meno. Huko nilijifunza kukata ua kwa makasi mpaka ukanyooka kama ukuta. Vichaka vya kule havikuwa na madhara yoyote. Bwana alitaka tukimaliza kukata tuokote matawi papo hapo, maana kwenye unyevu ule yakilala chini nyasi zinaoza.

Nikarudi nyumbani na makasi yangu na kiburi changu.

Nyumba yetu imezungukwa na mnyaa alioupanda marehemu baba. Mnyaa una utomvu mweupe, mkali sana. Watu wa huku wakiukata, huyaacha matawi palepale yalipoanguka mpaka yanyauke na utomvu ukauke, ndipo wayaokote. Nilikuwa nayajua haya tangu utotoni, jamani, sikuwa mgeni.

Siku hiyo tulikuwa tunangojea wageni wa posa ya binti yetu Zuhura, waje kesho yake. Nikaukata ua wote, ukapendeza, nikajiona mtu. Lakini chini matawi yalikuwa yamezagaa. Nikamwita mke wangu ayaokote.

Akasita. "Baba Zuhura, si tuyaache yanyauke kwanza? Wageni si wataelewa tu."

"Nimetunza bustani za wakubwa, leo unifundishe kazi wewe? Okota bwana, watukute watu safi."

Akainama, akawa anayakumbatia yale matawi mabichi na kuyapeleka nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa kali. Jasho likamwingia machoni, naye akajifuta kwa kiganja.

Alilia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu yeyote. Tukamwosha kwa maji, tukamwosha kwa maziwa ya mbuzi, macho yakavimba yakafumba. Mjini tulimfikisha tumeshachelewa, na daktari hakutuficha.

Shemeji zangu, kaka zake, walipokuja kuuliza, nikawahi kujibu: "Nilimkataza, hakusikia."

Mke wangu alikuwa amekaa mkekani, kitambaa machoni. Akasema taratibu, "Kweli, alinikataza."

Wakamgombeza yeye. Mimi nikakaa pale nikisikiliza, nikaona afadhali.

Zuhura aliolewa. Mama yake alimpapasa uso, akauliza watu kama mwanawe amependeza.

Nimemwomba radhi tukiwa wawili. Alinijibu, "Yameshapita, Baba Zuhura. Nisogezee maji." Sijui kama amenisamehe au amechoka tu. Macho yake hayarudi, na mimi sina pa kwenda na aibu hii.

Wewe uliyerudi kutoka kazini mbali na ujuzi wako mpya, mkeo akikwambia subiri, subiri. Na ukikosea, sema siku ileile, mbele za watu. Usikawie kama mimi. Leo nikitaka kusema kweli, itabidi kwanza nimfanye mke wangu mwongo mbele ya kaka zake.