Mche Juu ya Kaburi la Baba

Aprili 1968 ziwa lilimchukua baba, na halikumrudisha. Alikuwa ametoka Usenge kwa mashua, na magunia ya omena, dagaa wa ziwa letu, ya kuuza Kisumu. Magunia mawili yaliokotwa. Mashua, baba na wenzake hawakuonekana tena.

Hata leo nikipita karibu na mwegea, ule mti ambao sisi Wajaluo tunauita yago, harufu ya tunda lake lililopasuka hunirudisha kwetu, chini ya Katito, upande wa ziwa. Ni harufu ya gogo bichi lililolala majini. Mtu wetu akipotea na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago mahali pake. Basi wazee waliangua tunda moja la kijivu, zito, refu kama mtoto anayejifunza kutembea. Wakalivika shati la baba, lile la mistari, wakalilaza kitandani kwake. Nilikuwa na miaka saba. Niliambiwa niingie nikamuage. Nilisimama mlangoni, nikaona jinsi kitanda cha kamba kilivyobonyea, vilevile kilivyokuwa kikibonyea chini yake, nikakataa kusogea.

Likazikwa kwenye shimo la mtu. Wanawake walilia kwelikweli. Nami nililia, huku nikijiuliza kama tunda linasikia.

Wazee walimchagua Odongo, binamu ya baba, amrithi mama. Odongo alikuwa na wake wawili na fimbo moja, na fimbo haikuwa na ubaguzi. Mama alikataa, lakini kukataa kwa mjane siku zile kulikuwa kama kukohoa kanisani: kila mtu alisikia, na ibada ikaendelea. Mwaka ukapita, siku ya kumchukua ikakaribia. Mvua ndefu zikanyesha, na asubuhi moja, katikati ya kaburi, tukakuta mche. Majani mawili mapana, yamesimama kama masikio.

Tangu hapo hakuna aliyesema ovyo uani kwetu. Nyanya aliapa kwamba hata kuku walizunguka mbali. Wazee wakakaa kutwa nzima kulijadili: mtu ambaye ameanza kuota, mjane wake ni mjane? Hakuna aliyewahi kusikia desturi ya jambo hilo. Wakaahirisha.

Mwandishi wa gazeti alikuja na kamera yake. "MAREHEMU AOTA MAJANI," likaandika gazeti, na kando yake habari ya Wamarekani wanaojiandaa kwenda mwezini. Kijijini ilichekwa ile ya mwezi.

Basi watu wakaanza kuja kutazama, wengine kutoka mbali, Mamboleo kule Kisumu. Alikuja hata Mama Wanjiku, mzaliwa wa Nyeri aliyeuza viazi Kisumu. Alishika kiuno.

"Si hii ndiyo ya muratina? Kwetu hii tunatengenezea pombe! Jameni, nyinyi mmezika pombe?"

"Nyamaza, Mama," mzee mmoja akamwambia. "Anasikia."

Mama Wanjiku akarudi nyuma, akajifunga leso upya.

Bwana shamba naye alifika, kijana wa soksi ndefu, akatuletea sayansi. "Wazee, hakuna ajabu hapa. Tunda lina mbegu, mbegu imepata maji. Basi." Kisha akauliza, "Mlizika juujuu?"

Odongo akagusa kifua chake. "Mpaka hapa."

Bwana shamba akautazama mche. "Mbegu haiwezi kutoka huko chini," alisema polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe, akavua kofia. Hakungoja chai.

Mwishowe Odongo alichoka kusubiri. Asubuhi moja akaja na panga. Mama alikuwa anakoroga uji, nami nimechuchumaa karibu yake. Alitoka na mwiko mkononi.

"Nyar Seme, kaa mbali," Odongo akasema, akimwita kwa jina la kwao. "Huu ni mti tu."

"Kata, shemeji. Lakini msalimie kwanza. Ni mkubwa wako."

Odongo akacheka, akainua panga. Upepo wa ziwa haukuwapo kabisa. Nguo tulizoanika zilining'inia kama zimekufa. Jani moja likatikisika. Moja tu, lile la upande wake. Maisha yangu yote nimejaribu kulieleza jani lile. Panzi, labda, au tone la umande.

Panga likateremka taratibu hadi ubavuni mwake. "Owadwa," Odongo akasema, yaani ndugu yetu, kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua, "nilikuwa napita tu." Akaondoka kinyumenyume mpaka langoni. Hakuja tena kumdai mama, wala mwingine hakutumwa.

Mama alisogea kaburini. Kisha akainama. Kando ya mche, karibu na nyasi, ulikuwapo mwingine mdogo, ndiyo kwanza unatokeza. Akaung'oa kwa vidole viwili, nao ukatoka bila kuvutwa. Mzizi wake ulikuwa mfupi kama kidole changu cha mwisho, na ganda la mbegu lilikuwa bado limeshikilia.

"Mmoja unatosha," akasema.

Siku ile niliona mama anapalilia kaburi, basi. Nilikuwa mtu mzima, na yeye tumekwisha kumzika, siku niliyokuwa nang'oa mahindi yaliyobanana shambani kwangu, nikautazama mzizi mmoja mfupi mkononi, na punje niliyoipanda kwa mkono wangu bado imeshikilia, nikaketi chini palepale.

Asubuhi ile mama alirudi jikoni, akautia mche ule mdogo motoni chini ya sufuria, akaendelea kukoroga uji.