Mnavu na Nyanya ni Ndugu

"Binti yako si damu ya kaka yangu! Leo namfuta kwenye ukoo!" wifi alifoka, akamtwanga mbandikaji kwa ubao wa kukandamizia majani. Damu ikarukia mnavu mkavu mezani.

Mbandikaji, miaka ishirini akigundisha mimea kwenye karatasi, alimkaba koo mpaka kabati likalia na mitaa saba ikasikia.

"Wifi kichwa maji wewe! Mnavu na nyanya havifanani majani, lakini ni ndugu. Ukoo hutazamwa kwenye ua, si kwenye jani!"

"Basi huyo ua lake liko wapi?" wifi alikoroma, mwanya wake wa mbele ukitoa mate.

Mlango ukafunguka. Binti, aliyemaliza kuota meno mapya juzi, akachekelea: "Shikamoo, shangazi!"

Mwanya ule ule. Wifi akafumba mdomo.