Salama Aliyoijibu Odeta

Odeta Chenge Maige. Maige ni babu yake, aliyechimba kisima kule Kamanga kwa jembe na ndoo, na siku ya mwisho akateremka ndani mwenyewe kwa sababu vijana waliogopa. Chenge ni baba yake, aliyeshika kamba za kivuko miaka ishirini na miwili, na hakuna abiria aliyeanguka majini akiwa zamu. Mama yake ni Sabina, mwanamke wa kwanza kijijini kwao kununua cherehani kwa pamba yake mwenyewe, si ya mume. Na Odeta ndiye aliyeshona sare za kwaya tatu za Mabatini kwa wiki moja ya Pasaka, na hakuna kola iliyopinda. Nayataja haya kwanza kwa sababu wapo wanaosema Odeta ni mwoga. Mimi nimemjua tangu mwaka themanini na moja. Nitaandika nilivyoona, na pale ambapo sikuwepo nitaandika alivyoniambia.

Tulikutana wasichana kwenye kiwanda cha nguo cha serikali. Pamba ilikuwa ya wazee wetu, uzi tuliusokota sisi, kanga zikivaliwa na mama zetu. Kiwanda kikaja kulala, na kila mmoja akatafuta pake. Mimi nikaingia kwenye dagaa. Odeta akaweka cherehani barazani kwa Gangaben, yule mama wa Kihindi aliyeuza vitambaa Mabatini, akashona pale miaka kumi na saba. Mjukuu wa Gangaben, Kushal, alikuwa anatambaa chini ya cherehani ya Odeta akiokota vifungo, na mara mbili Odeta alimtoa kimoja kooni kwa kidole.

Gangaben alipofariki, familia ikafungua kiwanda cha kushona huko Nyakato. Kushal ndiye akawa meneja. Alikuja Mabatini mwenyewe, akavua viatu mlangoni.

"Mama, njoo unishikie laini."

"Laini ya samaki?"

"Laini ya mashati, mama. Nina wasichana wengi, hawajui kola."

Yalikuwa mashati ya kazi, mazito, ya buluu, mifuko miwili yenye vifuniko, ya wafanyakazi wa nchi moja ya baridi. Kitambaa kilitoka nje, vifungo vilitoka nje, uzi pia. Cha kwetu kilikuwa mikono. Malori ya pamba yetu yalipita barabara hiyohiyo yakienda nje, na Odeta aliwahi kumuuliza Kushal kwa nini isishuke hapo getini, ishonwe, ndipo iende. Kushal alieleza kwa muda mrefu sana. Odeta alirudi akaniambia, "Ameeleza vizuri, ila sikuelewa."

Kitu kimoja Kushal hakuwaficha. Mashati yale yalikuwa yanashonwa nchi nyingine, na wanawake wa huko waligoma wakitaka waongezwe mshahara. Mnunuzi akahamisha kazi, ikaja Mwanza.

"Sasa wale wanakula nini?" Odeta aliniuliza.

"Wamekula miaka yote hiyo," nikamwambia. "Sasa ni zamu yetu."

Akacheka, ila si kwa moyo. Na mimi nilipofika nyumbani sikuona kama nilisema jambo la maana.

Kiwanda kina milango miwili. Wa mbele uko ofisini. Wa nyuma ulifungwa kwa kofuli saa zote za kazi ili mashati yasitoke. Na kweli yalikuwa yanatoka, sitadanganya. Nimeona mtu kavaa moja harusini, na vifuniko vyake vya mifuko. Mwezi wa tatu waya wa pasi moja kubwa ukaungua, moshi ukajaa. Wanawake mia na arobaini wakakimbilia mlango wa nyuma ulio karibu, wakakuta kofuli. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kunywa chai. Hakufa mtu. Moto ulizimwa kwa ndoo mbili za mchanga. Lakini Getruda, msichana wa Igoma aliyekuwa bingwa wa vifungo, alibanwa mkono wa kulia kati ya watu na komeo, kifundo kikavunjika. Kimeunga, ila kimeunga upande.

Wiki tatu baadaye ikaja habari kwamba mnunuzi anatuma watu wa kukagua, na watamhoji mfanyakazi mmoja wa siku nyingi. Kushal akamwita Odeta.

"Mama, ni wewe."

"Niseme nini?"

"Sikuambii uongope. Sema unachojua. Ila hawa wakinuna, kazi inaondoka kwa barua moja tu, na mimi sina nyingine ya kuweka."

"Kwa hiyo mlango niuseme au nisiuseme?"

"Sema tu, mama."

"Niseme nini sasa?"

"Wewe sema tu."

Alinisimulia hayo tukichambua dagaa kwangu, akarudia mara mbili, akitafuta kama kuna neno alilolipita. Tulikubaliana atausema. Nilikuwepo, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Nitausema, maana mkono wa Getruda nauona kila siku."

Siku ikafika. Odeta akavaa kitenge chake kizuri, akaingia chumba cha karani. Alikuwepo mama wa Kizungu mwenye miwani, na kijana mtafsiri kutoka Dar, Alexander, mwenye kompyuta ndogo ya kubonyeza kwa kidole. Yule mama akasimama, akampa Odeta mikono miwili, akasema shikamoo. Aliitamka vibaya, lakini aliitamka.

"Nilimpenda, dada," Odeta aliniambia. "Mambo yaliharibikia hapo."

Sasa msomaji wa mbali aelewe jambo moja. Kwetu Usukumani salamu haina haraka. Mtu atakuuliza mhola, utajibu mhola duhu, yaani salama tu. Atauliza watoto, ng'ombe, mvua, shamba, na vyote utajibu ni vizuri, hata kama umetoka kuzika asubuhi hiyo. Zikiisha, mnanyamaza kidogo. Ndipo mgeni anauliza, enhe, na mengine? Hapo ndipo unasema tumefiwa. Kuanza na ubaya kabla salamu hazijaisha ni kumkosea mgeni. Hata Kiswahili chetu tunakizungumza hivyohivyo.

Alexander akauliza, "Habari za kazi, mama?"

"Nzuri."

"Mazingira ya kazi?"

"Mazuri."

"Usalama?"

"Salama."

"Uhusiano na viongozi?"

"Mzuri, tunashukuru."

Alexander anabonyeza, yule mama anatikisa kichwa akitabasamu. Odeta akanyamaza, mikono kwenye magoti, akiwa na mlango wake tayari mdomoni, akingoja aulizwe na mengine. Alexander akafunga kompyuta.

"Asante sana mama, tumemaliza."

Odeta alidhani wamemaliza salamu. Aliendelea kukaa. Ikabidi karani amshike bega.

Baada ya siku kumi karatasi ya kusema kiwanda kimepita ukaguzi ikabandikwa ukutani, na Kushal akanunulia kila mtu soda. Getruda, ambaye sasa alikuwa anakunja mashati kwa mkono wa kushoto, alisogea na chupa yake.

"Mama Odeta, mlango ulimwambia?"

"Hakuniuliza mengine."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza salama."

"Ukajibu?"

"Ungejibu nini wewe?"

Getruda akanywa soda. "Ningejibu salama," akasema. "Lakini mimi sikutumwa kuwasemea watu." Kisha akaenda zake kukunja.

Odeta hakuja kwangu siku tatu. Siku ya nne akaja, hakugusa dagaa.

"Dada, sijui kama nilisahau au nilijificha. Nikisema nilidhani bado ni salamu, naona ni kweli. Nikisema niliogopa kazi isiondoke, naona nayo ni kweli. Ile salamu ilikuwa ndefu kidogo, na moyoni nilikuwa naomba iwe ndefu zaidi."

"Basi ni vyote viwili."

"Vyote viwili haiwezekani. Mtu ni mwongo au si mwongo."

Nikaendelea kuchambua dagaa peke yangu.

Kesho yake alikwenda kazini mapema, akapita moja kwa moja ofisini kwa Kushal, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

Odeta akanyamaza.

Shikamoo aliipokea kwa kuwa ni haki yake. Habari akaiacha. Kushal akadhani hakusikia, akauliza tena, habari za nyumbani mama? Kimya. Sasa Kushal ni Mhindi, lakini amezaliwa Mwanza na amekulia barazani Mabatini. Alisimama. Odeta anasema uso ulimbadilika rangi.

"Mama, nani kafa?"

"Bado."

"Bado nani?"

"Bado sijui ni nani. Mlango wako ndio unajua."

Kushal akakaa. Akaeleza tena kwa muda mrefu. Alisema akiuacha wazi mashati yanatoka, yakitoka mzigo unapungua, ukipungua mnunuzi analalamika, na mnunuzi huyohuyo kila mwaka anataka shati liwe rahisi zaidi ya mwaka jana. Alisema, na mimi nimebanwa, mama. Odeta alimwamini. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo, kwamba alimwamini na bado hakuondoka pale mbele ya meza. Mwishowe Kushal alivuta droo, akampa ufunguo.

"Basi kaa nao wewe. Ukae mlangoni. Kola atashika Evelina."

Hivyo ndivyo Odeta Chenge alivyopewa kiti na kofuli. Akikaa, mlango unafungwa, ufunguo uko shingoni kwake; likitokea jambo anafungua. Kabla ya kutoka kwenda msalani anafungua kwanza. Wenzake hawakumshukuru kama nilivyotegemea. Walimwita Bibi Jela.

"Bibi Jela, shikamoo."

"Marahaba, mfungwa. Inua gauni nione unaficha nini."

Wakacheka, lakini alipofika kwangu hakucheka. "Nilikwenda kuomba ufunguliwe," aliniambia. "Sasa mimi ndiye ninayefunga."

Nimeliwaza sana jambo hili. Nasema mnunuzi ndiye mbaya, halafu nakumbuka watoto wangapi Igoma wanasoma kwa mashati yake. Nasema basi tushukuru, halafu namwona Getruda akifunga kilemba kwa mkono mmoja na meno. Nasema Kushal. Lakini Kushal anauliza habari za miguu ya Odeta inayouma kuliko wanavyouliza watoto aliowazaa mwenyewe. Nasema sisi wenyewe tulioiba mashati. Na wale wenzetu wa nchi ile, waliogoma wakanyang'anywa kazi, nao labda walikuwa na mlango. Nimesoma mpaka darasa la saba, na hesabu nilikuwa wa pili, ila hii haitoki.

Juma lililopita Kushal aliwaambia kwamba wakaguzi wanarudi Alhamisi, yule mama wa miwani na Alexander wake. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna nchi nyingine imemwambia mnunuzi italishona shati lile kwa bei ya chini zaidi. Akamwomba Odeta akae tena kwenye kiti cha kuhojiwa.

Odeta akakataa. Alisema nafasi hiyo ampe mtu mwingine, na mtu huyo atamchagua yeye. Jioni akanipitia tukaenda wote Igoma kwa Getruda. Tulimkuta anapepeta mchele, ungo ameuegemeza kwenye goti. Tulisalimiana, na salamu zilikuwa fupi.

"Alhamisi utahojiwa wewe," Odeta akamwambia.

"Mimi? Nitasema nini mbele ya Mzungu?"

"Atakuuliza habari za kazi. Usimpe nzuri. Atakuuliza usalama. Usimpe salama. Atakuona huna adabu, mwache akuone hivyo. Mwambie mlango kwanza. Ukimaliza mlango, mwambie na kazi tunaitaka."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili, kwa pumzi moja, asikukatize katikati akaandika nusu."

Getruda aliuweka ungo chini. "Na wakiondoa kazi, mama? Watu watasema ni mimi."

"Watasema."

"Wewe unaonaje, wataondoa?"

"Sijui, mwanangu. Ningekuwa najua ningekwenda mwenyewe."

Getruda akanitazama mimi, kama mkubwa zaidi pale ndani. Nilitazama mchele.

"Uvae ile blauzi ya mikono mifupi," Odeta akasema akiinuka. "Na huo mkono uuweke juu ya meza, usiufiche."