Farasi kipofu ajifunza upya njia za Inwa

Kumepambazuka Inwa, mji wa kale karibu na Mandalay, na Daw Saw Yin yuko njiani kwa miguu, mbele ya farasi wake badala ya kukaa garini. Mkono mmoja umeshika hatamu. Mwingine una fimbo ya mwanzi, na kila wanapofikia rundo la matofali anaigonga chini.

"Hapa pameziba, baba. Njoo kulia. Kulia, nimesema! Huko ni kushoto!"

Farasi anasimama, anapuliza pua, kisha taratibu anageuza shingo upande anaotakiwa. Anaitwa Pan Nyo. Macho yake yote mawili ni meupe kama mtindi.

"Umeona?" anasema mama huyu wa miaka hamsini na saba, akicheka hadi tanaka, ule urembo wa gome la mti lililosagwa, iliyokaukia mashavuni mwake inafanya nyufa. "Jana alinigomea kabisa. Huyu si kipofu, ni mkaidi tu."

Kwa karibu miaka ishirini Daw Saw Yin amebeba wageni kwa gari la farasi, kutoka kwenye kivuko cha mto Myitnge hadi nyumba ya watawa ya Bagaya, ile ya mbao za msaji, na kuwarudisha. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe. Madereva wenzake, wanaume watupu, walimtania siku ya kwanza kwamba farasi ndiye atakayemwendesha yeye.

"Niliwajibu, haidhuru, mradi ananijua nyumbani," anakumbuka.

Pan Nyo alianza kupoteza jicho la kushoto, likafuata la kulia. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Mandalay, akatazama, akatikisa kichwa. Daw Saw Yin alilia usiku kucha. Asubuhi alimfunga kwenye gari kwa sababu hakuwa na la kufanya, naye farasi akaenda Bagaya na kurudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Inwa yote alikuwa nayo kichwani," anasema. "Mteremko wa handaki la mji, kona ya ukuta wa zamani, harufu ya migomba, baridi ya kivuli cha mkwaju. Mimi nilikuwa abiria tu."

Na Inwa si mji mwepesi kuukariri. Mto Irawadi uko upande mmoja, Myitnge upande mwingine, na mfereji uliochimbwa na watu wa kale umeufunga kwa maji ukawa kisiwa. Wafalme waliweka kiti chao hapa, wakahama, wakarudi, wakahama tena, hadi tetemeko la karne ya kumi na tisa lilipowakatisha tamaa wasirudi kamwe. Leo ndani ya kuta zao kuna mpunga, na ng'ombe hucheua palipokuwa na kumbi za dhahabu.

"Wafalme walikuwa na pa kwenda," anasema Daw Saw Yin. "Sisi tuliachiwa ndizi."

Kisha likaja tetemeko la mwaka jana. Ilikuwa Ijumaa, mchana wa jua kali. Daw Saw Yin alikuwa anampa Pan Nyo maji pale farasi alipojitupa chini huku amefungwa garini. Alidhani ni joto. Ndipo ardhi ikaanza kwenda kama maji. Vumbi lilipotua, nyumba nyingine ya watawa, ile ya matofali, ilikuwa kifusi, na daraja la zamani la kwenda Sagaing limelala mtoni.

Ma Aye Pu, rafiki yake tangu utotoni, aliyekuwa akiuza chai kando ya njia ya Bagaya, aliangukiwa na ukuta ndani ya kibanda chake. Hakutoka.

Siku hiyo Daw Saw Yin hakupata hata nafasi ya kumlilia. Majeruhi walitakiwa kufikishwa kivukoni, na magari yalikuwa machache. Alimpakia mwanamke aliyevunjika mguu, akamwambia Pan Nyo twende. Lakini njia aliyoijua farasi haikuwepo tena. Alikanyaga matofali, akapiga magoti, gari likapinduka na mgonjwa ndani yake.

Mwanamke yule alipona, na hakumlaumu mtu. Hata hivyo madereva walikutana wakakubaliana kwamba farasi kipofu asibebe watu tena. Aliyepeleka ujumbe ni mwenyekiti wao, U Bo Lay, mume wa Ma Aye Pu, akiwa bado katika majonzi.

"Dada, mzee huyu kazi imemtosha. Mwache apumzike."

"Apumzike wapi, kaka? Kwenye sufuria ya nani?"

"Nani kataja sufuria?"

"Farasi asiye na kazi analishwa na nani hapa kwetu? Wewe?"

U Bo Lay alitema tambuu. Mwishowe Daw Saw Yin alimwomba jambo moja: wasubiri mvua ziishe, kisha wamjaribu. Akakubali.

Ndipo masomo ya alfajiri yalipoanza. Mchana mama huyu alipalilia migomba ya watu apate nyasi na pumba za farasi. Alfajiri alimtembeza kwenye matope, rundo kwa rundo.

"Shangazi, huyo mwanafunzi wako yuko chekechea?" kijana mmoja dereva alimpigia kelele.

"Yuko darasa la kwanza. Wewe ulilirudia mara ngapi?"

Mvua zilipokatika, U Bo Lay alipanda garini mwenyewe. Madereva wengine walifuata kwa baiskeli. Pan Nyo alizunguka kifusi cha mnara wa zamani wa mji, akashuka handakini, akapita vibanda vipya vya mianzi bila kugusa kitu. Kisha, njia ikiwa nyeupe kabisa mbele yake, akasimama.

Daw Saw Yin alimhimiza. Wapi! Farasi alinyoosha shingo upande wa kushoto, palipokuwa na majani tu, akafungua midomo.

"Betri imeisha!" mmoja wa baiskeli akacheka.

Hapo ndipo kilipokuwa kibanda cha chai. Kila asubuhi, miaka yote ile, Ma Aye Pu alitoka na birika mkono mmoja na kipande cha sukari guru mkono mwingine, akamlisha Pan Nyo mahali pale.

"Nilimfundisha matofali yote ya Inwa," anasema sasa, sauti ikishuka. "Hapo tu nilishindwa. Kila tulipofika, alisimama, na mimi nikasimama naye."

U Bo Lay alishuka garini. Hakuwa na sukari, hivyo akamwekea farasi kiganja kitupu puani.

"Hayupo, baba," alimwambia. "Hata mimi huwa nasimama hapa."

Alipopanda tena, Pan Nyo aliondoka mwenyewe. Walifika Bagaya, wakarudi kivukoni, na hakuna tofali lililoguswa.

"Lakini amesimama njiani," kijana wa baiskeli alikumbusha.

"Amesimama kituoni," U Bo Lay alimjibu. "Kesho yumo kwenye zamu."

Wageni bado ni wachache. Safari moja ni kyat elfu kumi na tano, na siku nyingine hakuna hata moja. Zaidi wanakuja mahujaji wa Mandalay. Njia nazo zinabadilika kadiri kifusi kinavyosombwa, ndiyo maana masomo ya alfajiri hayajaisha.

Sasa kuna somo jipya. Mjukuu wa Ma Aye Pu, Thiri, ana miaka saba. Sherehe yake ya kutogwa masikio ilikuwa ifanyike mwaka jana, ikafutwa na msiba. Mwezi wa Tabaung, yaani karibu Machi, itafanyika, na Daw Saw Yin ameomba yeye ndiye ambebe mtoto, aliyevishwa kama binti mfalme, hadi kwenye lango la kaskazini la mji. Gari ameshaanza kulipaka rangi ya dhahabu. Kilichobaki ni ngoma za maandamano, ambazo Pan Nyo hajazizoea.

Kwa hiyo jioni hii Thiri ameketi garini na debe tupu mapajani. Anapiga kidogo, anasita. Masikio ya farasi yanarudi nyuma.

"Bibi, hataniangusha?"

"Hakuangushi," Daw Saw Yin anamjibu, akiachia hatamu. "Mwambie tu unataka kwenda wapi."

Thiri anainama mbele, anamwambia, na gari linaondoka.